Maoni kwa Mikono

Saa saba mchana, watu wa Mamlaka ya Mawasiliano walipokuwa wakisukumana kwenye lifti kwenda kula, karani wa masjala alikuwa akishuka ngazi za nyuma peke yake. Alikuwa na mahali pake: pale ngazi zinapokunja kona kati ya orofa ya tatu na ya pili, penye dirisha refu na mwanga wa kutosha. Hapo aliegemeza simu kwenye kioo, akarudi nyuma hatua mbili ili mikono yake yote ionekane, akampigia baba yake kwa video.

Wenzake hawakujua. Waliona tu kwamba hali chakula nao, na kwa kuwa kimya cha mtu hakikosi wa kukifasiri, wengine walisema ana maringo, wengine wakasema ana mpenzi wa kuficha. Yeye aliwaacha waseme.

Baba yake alikuwa fundi seremala katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alikuwa kiziwi tangu homa ya utotoni. Mama yake, naye kiziwi, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo lugha ya kwanza ya karani ilikuwa ya mikono; ya mdomo aliiokota kwa bibi na kwa majirani. Na tangu alipoiokota akawa mdomo wa nyumba nzima. Daktari akisema, yeye. Mwenye nyumba akija kufoka, yeye. Mteja akitaka kabati lipunguzwe upana, mtoto wa miaka sita ndiye aliyesimama katikati kupokea lawama za pande mbili. Alipopata kazi aliapa moyoni kwamba huko ofisini mdomo wake utakuwa wake mwenyewe. Hakuwaonea haya wazazi wake. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wa namna hiyo haumo kwenye fomu ya kuombea likizo.

Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuigonga muhuri, kuipa nambari, kuiandika kwenye daftari na kuipeleka inakotakiwa. Mkuu wake alikuwa mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hata ukimwambia kuna moto orofa ya chini angekuuliza barua yake iko wapi.

Jumatatu moja Mwanasheria wa Mamlaka, mama mrefu, mwepesi wa kutembea na mzito wa kucheka, alileta masjala rasimu ya kanuni mpya. Karani akaigonga muhuri. Halafu, kwa mazoea, akaisoma.

Ilisema kwamba kampuni yoyote inayowawezesha watu kupigiana simu au kutumiana ujumbe kupitia intaneti iombe leseni, iweke mtu wake nchini, na ijibu malalamiko. Hayo hayakuwa na ubaya. Kilichomsimamisha ni kifungu cha kumi na nne: kampuni ambayo haitakuwa na leseni ndani ya siku tisini, simu zake za sauti na za video zitafungwa nchi nzima. Na ukurasa wa sita ulieleza kwamba mwananchi hataumia, "kwa kuwa huduma ya kawaida ya kupiga simu ipo na inamfaa kila mtu."

Aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha akaipa rasimu nambari, akaipeleka kwa wachapaji. Alijiambia kwamba rasimu ni rasimu. Alishaona ngapi zikizeekea kwenye droo. Saa saba alimpigia baba yake, wakaongea habari za mvua na za goti lake bovu, basi.

Siku ya nne baba yake alipokea simu bila salamu. Alikuwa amesimama katikati ya karakana, maranda ya mbao yamemnasa kwenye nywele, gazeti mkononi. Alilibana kwapani ili apate mikono ya kusemea.

"Hii umeiona?"

"Nimeiona."

"Lini?"

Uongo wa mikono ni mgumu kuliko wa mdomo, maana uso nao hutoa ushahidi. "Jumatatu," alijibu.

Baba yake akanyamaza, na kiziwi kunyamaza ni kuteremsha mikono. Aliiteremsha kwa muda mrefu hata karani akadhani mtandao umekwama.

"Shangazi yako nitaongea naye vipi?" aliuliza hatimaye. Shangazi alikuwa dada yake mdogo, fundi cherehani, kiziwi kama yeye, na anaishi mbali zaidi. "Wewe nitaongea nawe vipi?"

"Wanasema ujumbe wa kuandika hautaguswa, Baba."

"Kuandika." Aliifanya ishara hiyo kama mtu anayetema mbegu. "Mimi nikiandika natembea na viatu vya mtu mwingine. Nafika, lakini na malengelenge. Shule walinifundisha kuangalia midomo ya mwalimu, na mwalimu alikuwa na masharubu."

Karani alicheka bila kutaka.

"Wamesema wananchi watoe maoni," baba akaendelea. "Kwa maandishi au kwa mdomo. Maandishi yangu unayajua. Mdomo wangu kazi yake ni kula. Kwa hiyo nitatoa kwa mikono. Asiyekuwepo na lake halipo."

Kesho yake video ikaingia kwenye barua pepe ya Mamlaka. Karani aliifungua mezani kwake, akasahau jambo moja ambalo baba yake hakuwa na njia ya kulijua: karakana ya jirani ilikuwa inakata bati alipokuwa akijirekodi, na redio ya mtu ilikuwa inaimba kwa nguvu zake zote. Masjala nzima ikashtuka.

"Ni fujo gani hiyo?" Bwana Utaratibu aliuliza, akija na miwani kwenye paji la uso.

"Ni maoni ya mwananchi, mzee. Kuhusu kanuni mpya."

"Ameandika?"

"Hapana."

"Amesema?"

"Amesema."

"Mbona nasikia bati tu?"

"Anasema kwa mikono. Ni kiziwi."

Bwana Utaratibu aliinama akamtazama yule mtu kwenye skrini, aliyekuwa akieleza jambo kwa mikono mipana yenye makovu, nyuma yake mlango uliopigwa randa upande mmoja tu. Alimtazama kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya. Kisha akalivuta daftari la maoni, akaonyesha safu mbili, ya maandishi na ya mdomo.

"Unaona mwenyewe, binti. Hana pa kukaa. Mwandikie umpe pole, alete kwa maandishi."

Akarudi kwenye kiti chake. Karani alibaki na daftari mbele yake. Alimfikiria baba yake akiipokea barua hiyo, akiisoma neno moja moja, kidole kikitambaa chini ya mstari. Akatoa rula na kalamu nyekundu. Upande wa kulia wa safu mbili za daftari palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Akapiga mstari kutoka juu hadi chini, akaandika juu yake "Mikono," akatia alama ya vema, na pembeni nambari: mia mbili kumi na nne. Katika masjala hiyo, kuchora mstari kwenye daftari kulikuwa sawa na kuchora kwenye gauni la bibi harusi.

Bwana Utaratibu aliuona mstari kabla wino haujakauka.

"Daftari hili ni la serikali," alisema polepole.

"Najua, mzee. Na yeye ni raia wa serikali hiyohiyo."

Bwana Utaratibu alilichukua daftari, akamwashiria amfuate, wakapanda wote wawili hadi kwa Mwanasheria.

Mwanasheria alisikiliza mashtaka, kisha akaomba kuiona video. Aliitazama yote, dakika tatu na nusu, bila kuelewa hata ishara moja na bila kuikatisha, kama mtu anayemsikiliza mgeni wa heshima. Ilipokwisha aliuliza, "Anasema nini?"

"Ndilo tatizo," alisema Bwana Utaratibu. "Hatujui."

"Anasema hapingi leseni," karani alisema.

Wakamgeukia.

Karani akairudisha video mwanzo, akaanza kusema maneno huku picha ikitembea. "Anasema matapeli wa mtandaoni hata yeye wamemwumiza, kwa ujumbe wa kuandika, maana viziwi wengi hudanganywa kwa maandishi. Anataka wakamatwe. Lakini anasema simu ya video ndiyo simu yake. Hana nyingine. Mkiifunga, hamjampunguzia huduma, mmemfunga mdomo. Anasema mkewe alipougua, daktari wa mji mkuu..." Hapo aliisimamisha video, kisha akaiachia tena. "Daktari wa mji mkuu alizungumza nao kwa video, na mkalimani upande wa pili. Anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza mke wake aliambiwa ugonjwa wake bila kupitia kwa mtoto."

"Lugha hii umejifunza wapi?" Mwanasheria aliuliza.

"Nyumbani, Wakili. Huyu ni baba yangu."

Bwana Utaratibu alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Miaka minne tumo chumba kimoja," alisema. "Hujawahi kutaja."

"Haikuwa na fomu, mzee," karani alijibu kwa upole, na Mwanasheria akalazimika kutazama dirishani kidogo.

Kisha Mwanasheria naye akasema la kwake. "Kifungu cha kumi na nne nimekiandika mimi. Mama mkwe wangu alipigiwa kupitia intaneti na mtu mwenye sauti ya mwanawe, akamwachia kila alichokuwa amejiwekea. Sasa hapokei simu ya mtu, hata yangu. Niliandika nikiwa na hasira, na sioni aibu kwa hasira ile. Lakini ule ukurasa wa sita..." Aliufungua, akausoma kimoyomoyo. "Huu niliunakili kutoka rasimu ya zamani. 'Inamfaa kila mtu.' Hata sikuufikiria."

Aliamua hapo hapo. Maoni nambari mia mbili kumi na nne yapokewe. Mzee aalikwe kwenye kikao cha hadhara. Mkalimani pekee aliyesajiliwa alikuwa safarini mwezi mzima, kwa hiyo karani atafsiri, lakini yote yarekodiwe na mwalimu wa shule ya viziwi aipitie rekodi baadaye.

"Ukiongeza chumvi, itajulikana," alisema.

"Na nikipunguza?"

"Vilevile."

Bwana Utaratibu, kwa upande wake, alimwandikia karani karipio kwa kuharibu daftari. Na kwa kuwa karipio ni barua, ilibidi karani alipokee mwenyewe, aligonge muhuri, alipe nambari, na kujipelekea.

Baba yake alifika kwa basi siku moja kabla ya kikao, na begi dogo lenye shati jeupe na bisibisi. Asubuhi karani alipoamka alimkuta ameshaung'oa mlango wa chumba chake, anaupiga randa ya kuazima kwa fundi wa mtaani, kwa sababu ulikuwa unakwaruza sakafu na yeye aliuhisi mtikisiko wake kila ulipofunguliwa. Waliurudisha pamoja, mmoja akishika chini, mwingine akifunga skrubu za bawaba. Ulipokaa sawa, baba yake hakuondoka pale.

"Nilikutumia sana ulipokuwa mdogo," alisema kwa mikono.

Karani hakuwa tayari kwa neno hilo. "Hukuwa na mwingine, Baba."

"Nilikuwa na njia nyingine. Ningengoja. Ningeonyesha kwa kidole. Wewe ulikuwa mwepesi, nami nikazoea wepesi wako. Mama yako alinikanya." Alipangusa vumbi la mbao kwenye kizingiti. "Leo ukikataa, nitasimama peke yangu nionyeshe kwa kidole. Sitakasirika."

Karani alilitazama lile shati jeupe, limenyooshwa kwa kuwekwa chini ya godoro usiku kucha. Alitafuta hasira yake ya zamani, akaikuta imepungua, kama sukari iliyoachwa wazi na sisimizi wakaijua. "Sikatai," alijibu. "Ila mara hii nimeombwa. Ni tofauti."

Ukumbi ulikuwa umejaa kufikia saa nne. Mwenyekiti alikaa katikati ya meza ndefu, Mwanasheria kuliani kwake. Wa kwanza kusema alikuwa mwakilishi wa makampuni ya simu, kijana mwenye suti iliyomkaa vizuri na hoja zilizomkaa vizuri pia. Alisema minara yote ya vilimani imejengwa na wao, na hizi programu za intaneti hupita juu yake kama abiria wanaopandia dirishani bila nauli. Akafuata mama mjane, ambaye alisimulia alivyodanganywa na sauti ya simu, na alipofika mwisho hakuweza kuendelea. Alikaa, na watu wakampigia makofi ya chini chini. Wengi ukumbini walikuwa wanakubali: zifungwe tu.

Ndipo Mwenyekiti akaita maoni nambari mia mbili kumi na nne.

Fundi alisimama mbele, karani pembeni yake. Alianza na mjane. Alimgeukia, akaweka kiganja kifuani.

"Mama, pole," karani alitafsiri. "Mimi pia wamenila. Mwizi huyo nataka ashikwe kuliko mnavyotaka nyinyi. Lakini mimi ni fundi wa milango. Mwizi akipita mlangoni kwa mtu, naitwa nibadilishe kitasa. Niweke komeo. Sijawahi hata siku moja kuitwa ning'oe mlango nijenge ukuta."

Watu wakacheka kidogo, na mjane mwenyewe akainua uso.

"Huyu anayenisemea ni binti yangu," baba akaendelea. "Ndiye aliyeigonga muhuri rasimu hii. Hakuniambia. Niliisoma gazetini."

Maneno hayo karani alikuwa bado hajayatoa kwa sauti. Macho ya wafanyakazi wenzake, safu mbili nzima, yalikuwa juu yake. Alikumbuka siku alipokuwa na miaka tisa, mwalimu wake alipomwita baba kulalamika kwamba mtoto ni mropokaji na hasikilizi, naye akamtafsiria baba yake kwamba mwalimu anasema yeye ni wa kwanza darasani. Baba alimshukuru mwalimu kwa tabasamu. Walipotoka nje alimwambia tu, "Mwalimu anayesifu hakunji uso vile." Hakumpiga, hakulitaja tena.

Akavuta pumzi. "Huyu anayenisemea ni binti yangu," alisema kwa sauti iliyofika nyuma. "Ndiye aliyeigonga muhuri rasimu hii. Hakuniambia. Niliisoma gazetini."

Ukumbi ukanong'ona. Bwana Utaratibu, safu ya pili, alikuwa amekaa wima kama msumari.

"Simlaumu," mikono iliendelea, na sauti ikaifuata. "Wengi humu wameusoma ukurasa wa sita wakapita bila kusimama. Yeye alisimama, nina hakika, kisha akapita, kwa sababu alikuwa peke yake. Leo nawaomba tusimame hapo sote. Mwenyekiti, una simu? Naomba unipigie. Simu ya kawaida."

Aliweka mezani simu yake na kikaratasi chenye namba yake. Mwenyekiti alitazama kuliani, kushotoni, kisha akatoa simu yake akabonyeza. Simu ya Fundi ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikijisogeza kidogo kidogo. Fundi alimwashiria binti yake ashushe mikono, asitafsiri. Akaiokota simu, akaipokea, akaiweka sikioni.

"Haloo," alisema Mwenyekiti. "Haloo, Fundi? Unanipata?"

Fundi alimtazama kwa subira ya mtu anayengoja gundi ikauke. Simu ilikuwa sikioni, uso umetulia, adabu zote. Nusu dakika. Mwenyekiti alisema haloo ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi, kisha hakusema tena. Ukumbi mzima ukawa unasikia feni za dari.

Fundi akaishusha simu. "Hiyo ndiyo huduma ya ukurasa wa sita," karani alitafsiri. "Mwenyekiti, naamini ulisema jambo la maana."

Hakuna aliyecheka mara moja. Halafu Mwenyekiti mwenyewe akacheka, akavua miwani na kufuta macho, na kicheko kikapita ukumbini, si cha dhihaka. Fundi alikiona, akainama kidogo, akarudi kukaa. Karani alipokaa karibu naye aligundua kwamba hakujisikia kutumiwa hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyebeba mzigo mzito hadi mahali alipotaka ufike.

Walipotoka, mwakilishi wa makampuni ya simu aliwafuata hadi mlangoni. "Mwambie mzee," alimwambia karani, kisha akajirekebisha, akamgeukia Fundi mwenyewe, "mzee, mimi kazi yangu ni kutetea minara. Lakini sikuwahi kuwaza hili. Viziwi wangapi wananunua bando kwetu?"

"Waulize," Fundi alijibu. "Ila usiwapigie."

Mwalimu wa shule ya viziwi aliipitia rekodi akaandika barua ya sentensi mbili: tafsiri ilikuwa sahihi, na angependa kumwajiri mtafsiri huyo ikiwa Mamlaka haimhitaji.

Wiki tano zilipita. Siku moja Mwanasheria alishuka masjala mwenyewe na rasimu mpya, akaiweka mbele ya karani. "Kabla hujagonga, soma," alisema. "Nataka jicho lako kwenye maneno."

Kifungu cha kumi na nne kilikuwa kimeandikwa upya. Leseni zilibaki. Kampuni zitakuwa na saa arobaini na nane kusimamisha akaunti ya tapeli anapolalamikiwa, na zisipofanya hivyo zitaadhibiwa kampuni, si wateja. Huduma haitafungwa ila kwa amri ya baraza la rufaa, baada ya notisi ya miezi sita, na kamwe haitafungwa pale ambapo watu wanaozungumza kwa lugha ya alama hawajapewa njia nyingine inayolingana. Ukurasa wa sita haukuwepo kabisa. Na mwishoni, maelezo ya namna ya kutoa maoni: kwa maandishi, kwa mdomo, au kwa lugha ya alama.

Si kila kitu kilipatikana. Baba yake alikuwa ameomba pia kwamba zimamoto na gari la wagonjwa viweze kuitwa kwa video, na hilo lilisogezwa mbele: iundwe kwanza kamati ndogo ya kulitazama. Karani alimweleza kwa simu mchana huo, akitarajia alalamike. Baba yake alikuwa amekaa juu ya ubao na chai yake.

"Kamati ni watu?" aliuliza.

"Ni watu, Baba. Wanataka na wewe uwemo. Wakili ameniuliza, nikasema nitakuuliza, sikukujibia. Na mkalimani aliyesajiliwa amerudi. Unaweza kuja na yeye."

Baba yake alikunywa chai, akaiweka chini. "Yeye ana masharubu?"

"Ni mwanamke."

"Basi nitakuja naye. Wewe ukae upande wangu utoe maoni yako. Unayo, nimeyaona usoni."

Kamati ilikutana mara ya kwanza mwanzoni mwa mwezi uliofuata, katika chumba kidogo cha orofa ya nne. Walikuwepo Mwanasheria, mtu wa zimamoto aliyekuja na sare yake, yule kijana wa makampuni ya simu, mkalimani, Fundi, na karani, ambaye safari hii alikuwa na kibao chake cha jina mezani. Bwana Utaratibu alikuwa katibu. Alikuwa ameanza kujifunza ishara kwenye daftari jipya alilolipigia mistari yeye mwenyewe, na alipoingia alimsalimia Fundi kwa mikono, taratibu, kwa makosa mawili. Kwa bahati mbaya alichosema kilikuwa "habari za asubuhi, sufuria." Fundi aliipokea salamu hiyo kwa heshima zote, akamrekebisha kidole kimoja.

Kisha akakaa, na kiti kikayumba. Akasimama, akakigeuza miguu juu mezani, katikati ya makabrasha ya watu, akakitingisha mguu mmoja, akautazama kwa huzuni ya kitaalamu.

"Anasema," mkalimani alieleza, "kabla hatujaanza na moto, nani alitengeneza viti hivi?"

Mtu wa zimamoto alikiri kwamba hata chake kinayumba. Bwana Utaratibu akafungua daftari lake, akachomoa kalamu ya kwanza kati ya tatu, akauliza aandike chini ya kichwa gani.